Nchi Haimo, Mwanangu Yumo

Alikuwa akiingia darasani bila kitabu. Mkononi alishika chaki moja, na shavuni alikuwa na punje za akamwani, ile kahawa yetu kavu ya kutafuna, ambazo alizihamisha kutoka shavu hili kwenda lile kila alipotaka kufikiri. Hakutusalimia kwanza. Alitazama madawati, akachagua watu, akawaita mbele kwa majina mapya: "Wewe Serbia. Wewe Austria. Wewe Mjerumani, simama karibu na Austria, mmeahidiana. Wewe Mfaransa, usimpe Mjerumani mgongo." Nilikuwa kidato cha pili, msichana wa Rubya ambaye mwisho wa dunia yake ulikuwa Bukoba mjini. Siku hiyo alininyooshea kidole akasema, "Wewe ni Italia."

Akapita kwa kila mmoja wetu akitunong'oneza ahadi masikioni. Mimi aliniambia, "Umemwahidi Mjerumani kwamba akivamiwa utamsaidia. Lakini Mwingereza atakuja kukuahidi shamba la jirani. Fanya unavyoona." Alipomaliza akamwambia Austria amsukume Serbia. Serbia alikuwa na kaka mkubwa nyuma yake, naye akamrukia Austria. Mjerumani akaja kumtetea Austria. Mfaransa akamshika Mjerumani shati. Kila mmoja alikuwa ameahidi kitu, na kila aliyevutwa alimvuta mwenzake. Mvulana aliyekuwa Mwingereza alinijia mbio, akaninong'oneza habari za shamba, nami nikavuka upande wa pili. Darasa lilipasuka kwa kicheko.

Mwalimu hakucheka. "Mnamcheka bure," alisema. "Ametenda kama serikali."

Tangu siku hiyo aliniita Italia. Aliniita hivyo nilipomaliza shule, aliniita hivyo nilipokuwa mwenyewe mwalimu wa shule ya msingi Kagondo, na aliniita hivyo mbele ya wanangu, wakawa wananiuliza kama niliwahi kuishi Ulaya.

Lakini somo la siku ile halikuishia kwenye kicheko. Aliwageukia wale waliobaki kwenye madawati, ambao ndio walikuwa wengi, akawauliza, "Na ninyi?"

"Sisi hatukuitwa, Mwalimu."

"Ninyi mtabeba mizigo."

Akawatoa nje na madawati yao vichwani, akawasimamisha juani mpaka kengele ikalia. Sisi mataifa tulibaki kivulini tukiwatazama dirishani. Kisha akatuambia habari za babu zetu: kwamba Mjerumani alipokuwa na vita na Mwingereza, watu wa upande huu wa mto Kagera walibebeshwa mizigo ya Mjerumani, na wa ng'ambo walibebeshwa ya Mwingereza. Walikuwa watu waliooana na kuzikana, wakaambiwa kwamba sasa ni maadui. "Mwenye nguvu huombwa," alisema. "Mnyonge huchukuliwa. Mkisoma mkataba wowote wa vita, someni na majina yasiyokuwemo."

Alikozaliwa na ukoo wake wanavijua ndugu zake, sitavigusa. Mimi namjua mtu mwenye mwavuli mweusi aliotembea nao hata wakati wa jua, mwenye viatu vilivyopakwa rangi kila asubuhi ingawa njia ya kwenda shuleni ilikuwa tope jekundu tupu. Kibanja chake kilikuwa chini ya kilima, migomba imesimama kwa nafasi, mibuni katikati, na matandazo ya nyasi yametandikwa vizuri kuliko mikeka ya nyumba nyingine. Alikuwa na redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Taarifa ya habari ilipoanza, hakuna aliyeruhusiwa kusema, hata padri. Ikisomwa habari ya vita popote duniani, alichora ramani uani kwa mpini wa jembe, na kuku walipoikanyaga alisema, "Tazameni, wamevuka mpaka."

Watu walimcheka kwa hayo, lakini walimwendea walipokuwa na shida. Nakumbuka majirani wawili waliogombea mpaka wa migomba. Mmoja alikuwa ameshawatuma watoto kwenda kuwaita shemeji zake wa Ngenge. Mwalimu aliwafuata kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, akaketi katikati yao na kusema, "Leo mko wawili, na kinachogombewa ni mgomba mmoja. Ukiita shemeji, na huyu ataita wajomba. Wajomba wataita marafiki ambao hata huo mgomba hawajauona. Mpaka Jumapili watu watakuwa wanakatana mapanga, na hakuna atakayekumbuka mgomba ulikuwa upi." Wale wazee waliupima mpaka jioni ileile. Hivyo ndivyo elimu yake ilivyotumika, na kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu anayejua namna ile jinsi vita vinavyoanza, vita haviwezi kumkuta.

Alikuwa na misemo yake. "Muungano hauanzi na mapenzi, unaanza na hofu. Watu wawili wasiopendana wakiona moto mmoja, watachota maji pamoja. Moto ukizimika, tazama watakavyogombea ndoo." Hivyo ndivyo alivyoeleza mabepari na wakomunisti walivyoshikana mikono dhidi ya Mjerumani katika vita vya pili, na walivyoachiana mara tu Mjerumani alipoanguka. Nimefundisha kwa miaka sasa, na sijapata maelezo mafupi kuliko hayo.

Hakuwa mtu wa upande mmoja. Alituambia ahadi zinaua, lakini yeye alizishika ahadi zake mpaka watu wakaona ni ugonjwa. Siku ya harusi yangu, Bukoba mjini, mvua ilinyesha tangu alfajiri na gari la Muleba likakwama njiani. Alifika magoti yakiwa tope, akasimama, akasema, "Italia, chagua upande mmoja sasa, ukae. Mungu awabariki." Akaketi dakika chache, akainuka. Nilipomsihi ale kwanza, alinijibu kwamba amemwahidi mkewe kurudi kabla ya giza.

Alichukia nyimbo za mchakamchaka zenye maneno ya kuua adui, akawa anatukataza kuziimba. Lakini zikiimbwa na shule ya jirani ng'ambo ya bonde, mguu wake ulizifuata. Tulijua kwamba yeye mwenyewe alikwenda na mgambo wakati wa vita vya Uganda. Niliwahi kumuuliza kwa nini alikwenda, ilhali anatufundisha alivyotufundisha. Alitafuna akamwani kwa muda. "Vita vile hakuna aliyeninong'oneza," alisema. "Niliuona moshi mwenyewe." Sikuwahi kumsikia akisimulia alichokifanya au alichokiona huko, hata kwenye pombe.

Jumamosi nyingi alikuwa akija mjini, nilikoolewa, na kabla ya kufika kwangu alipita kwa mzee mmoja Mhindi mwenye duka la vitambaa, mmoja wa wachache waliobaki katika mitaa ile ambayo zamani maduka yote yalikuwa yao. Sisi tulimwita Babu. Walikunywa chai ya maziwa nyuma ya kaunta na kubishana Kiswahili, Kiingereza na Kihaya ndani ya sentensi moja. Ubishi wao ulikuwa uleule. Ndugu wa baba yake Babu alikuwa askari wa Mwingereza, akafia Burma.

"Sisi tulikuwa upande ulioshinda," Babu alisema.

"Yeye alishinda nini?"

"Jina lake limeandikwa ukutani kule. Jiwe zuri."

"Aliombwa au alichukuliwa?"

Babu alimimina chai nyingine. "Waitu, mwenzangu, wewe kunywa. Kila wiki swali moja."

Kuna nchi moja ya theluji ambayo Mwalimu aliipenda bila kuwahi kuiona. Katika somo la vita vya pili alituambia jinsi mji wao mmoja ulivyozingirwa na Mjerumani, watu wakachemsha mikanda ya ngozi wakanywa supu yake, lakini hawakufungua lango. Alipofika hapo sauti yake ilibadilika. Wengine waliingia katika muungano kwa hesabu, alisema, hawa waliulipia kwa damu. Baadaye aliacha kabisa kuitaja nchi hiyo kwa jina. Alisema "kule". Nami sitaitaja.

Mwanawe wa mwisho, Mutalemwa, alilelewa na hadithi hizo. Wenzake waliijua mipira ya Ulaya, yeye alijua mito ambayo majeshi yaliivuka. Alipopata ufadhili wa kwenda kusomea uhandisi kule, Mwalimu alichinja mbuzi, na aliposimama kutoa shukrani alishindwa kusema. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mawe, yaani mama kwa Kihaya, ndiye aliyesema. "Mwanangu anakwenda mahali ambapo baba yake amekuwa akiishi siku zote," alisema, na watu walicheka kwa sababu ilikuwa kweli.

Vilipoanza vita kule, Mwalimu alichora ramani uani kama kawaida. Alikaa na redio na simu ya mkononi, akaeleza wageni nani amesimama na nani na kwa nini: huyu ametoa silaha, huyu ametoa fedha, huyu amekaa kando akinunua mafuta kwa bei nafuu. Kijana alikuwa chuoni, mbali na mapigano. Tulizungumza kana kwamba ni habari za watu wengine.

Kisha ufadhili ukakatika. Sijui vizuri ilikuwaje. Mutalemwa alimwambia baba yake kwamba ameanza kufanya kazi ghalani ili alipie masomo, halafu kwamba kibali chake cha kuishi kimekwisha, halafu kwamba amekamatwa. Simu iliyofuata ilipigwa Jumapili baada ya misa, na mimi nilikuwepo, maana nilikuwa nimekuja kumwona mama yangu, nikapita kwao. Mwalimu aliiweka simu juu ya stuli katikati ya ua, sote tukasikia.

"Tata, wameniachia. Nimesaini."

"Umesaini nini, mwanangu?"

"Kazi ya ulinzi. Kulinda maghala, huku nyuma kabisa. Mwaka mmoja tu, halafu wananipa uraia na ninamaliza chuo."

"Karatasi uliisoma?"

"Ilikuwa kwa lugha yao ya sheria, Tata. Lakini ofisa alinieleza vizuri, ni mtu mwema. Alisema wengine wote wamekubali."

"Akina nani hao wengine?"

"Kuna Mnepali, kuna Mkameruni, kuna Mghana mmoja tunalala naye karibu. Tuko wengi."

Mwalimu alifumba macho. Mawe alikuwa akimenya ndizi, akawa ameshika kisu bila kumenya. Nilimwona Mwalimu akitafuta neno, mtu ambaye kwa miaka yote sikumwona akikosa neno, na alilolipata lilikuwa, "Je, una soksi nzito?"

"Ninazo, Tata."

Ilipokatika, alikaa akiitazama ile stuli. "Ametumwa mstari wa mbele," aliniambia kwa Kiingereza, ili mkewe asielewe. Lakini Mawe hakuhitaji Kiingereza. Aliinuka, akaingia ndani, na zile ndizi zikabaki nusu zimemenywa mpaka zikawa nyeusi.

Walizungumza naye mara chache baada ya hapo, maneno machache, upepo mwingi. Halafu simu ikawa haiiti. Tulipoanza kupata mvua za vuli, uliingia ujumbe wa sauti kutoka namba ngeni. Alikuwa yule Mghana. Alisema Kiingereza cha taratibu, kama mtu anayesoma somo kanisani. Alisema Mutalemwa alikuwa mtu mzuri, aliwafundisha wimbo wa kwao. Alisema walipelekwa kuvuka uwanja ulio wazi, na ndege ndogo isiyo na rubani iliwakuta katikati. Alisema alimwona akianguka, akamwita, hakujibu. Hakuna aliyeweza kurudi kumchukua. "Forgive us, Papa," alimaliza. Mwalimu alijaribu kupiga namba ile siku hiyo na siku zilizofuata. Haikupokelewa tena.

Hapo ndipo nilipomjua Mwalimu mwingine, ambaye sikutaka kumjua.

Alikuja Bukoba nikampeleka ofisi hii na ile kutafuta habari za mwanawe. Tulikaa kwenye mabenchi na watu wenye shida za viwanja na vyeti. Hakuna aliyetufukuza, nataka niwe mkweli kwa hilo. Ofisa wa mwisho alikuwa kijana mpole, alitukaribisha viti, akamwita Mwalimu baba, akapiga simu mbele yetu kwa wakubwa wake.

"Baba," alisema alipoweka simu chini, "pole sana. Shida ni kwamba kijana alisaini mwenyewe. Hakwenda kama askari wetu. Nchi yetu haimo katika vita hivyo."

"Nchi haimo," Mwalimu alisema. "Mwanangu yumo."

"Naelewa, baba."

"Wewe ulisoma historia?"

"Mpaka kidato cha nne."

"Basi niambie. Wale wakubwa wana mkataba wao, wanajua nani akianguka arudishwe wapi. Huyu wangu ameanguka upande wa nani?"

Yule kijana alisema wataendelea kufuatilia. Nilijua kwamba hakuna kitakachopatikana, na Mwalimu alijua, na nadhani yeye mwenyewe alijua.

Tulipotoka tulipita kwa Babu. Hakukuwa na ubishi. Mwalimu alisimama mlangoni, hakuingia hata ndani, akauliza, "Ule ukuta wa Burma mliupataje?"

"Mwingereza aliujenga, rafiki yangu."

"Mliomba?"

"Hapana. Alishinda, akaujenga." Babu alitoka nyuma ya kaunta, mzee wa magoti mabovu, akamshika mikono yote miwili. Walisimama hivyo, wateja wakiwapita.

Baada ya hapo aligeukia vijana. Kulikuwa na mtu aliyekuwa akija stendi ya Muleba, amevaa vizuri, akizungumza na waendesha bodaboda habari za kazi za ulinzi ughaibuni. Sijui kama alihusika na kule, au alikuwa akipeleka watu Arabuni, au hakuwa akipeleka popote. Mwalimu hakutaka kujua tofauti. Alikwenda stendi kila siku ya soko na mwavuli wake, akasimama kati ya pikipiki, akawafundisha. Aliwaeleza jinsi mataifa yanavyoitana, jinsi vita virefu vinavyomaliza vijana wa wenye vita, na jinsi wanavyoanza kutafuta wengine kwa ahadi. Alitumia sauti ileile ya darasani. Baadhi walimsikiliza kwa heshima, kwa kuwa aliwafundisha baba zao. Wengine walipiga resi za pikipiki zao wasimsikie.

Siku niliyomfuata, mmoja wao, kijana mkubwa mwenye koti la mvua, alizima pikipiki yake kabisa ili asikike.

"Mwalimu, shikamoo. Sisi tunakuheshimu na tumesikia msiba wako. Lakini wewe una kibanja. Baba yangu alitugawia kibanja watu saba, changu ni migomba ya kuhesabu kwa macho, na nusu imekauka kwa mnyauko. Pikipiki hii si yangu. Unatuambia tusiende. Sawa. Tukae tufanye nini?"

Haikuwa dharau. Aliuliza kweli, na akasubiri jibu.

Mwalimu alihamisha akamwani kutoka shavu moja kwenda jingine, akaihamisha tena. "Sijui," alisema mwishowe. "Sijui, mwanangu. Ila msiende." Nilimshika mkono tukaondoka, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ule mwavuli ulikuwa fimbo ya kuegemea.

Nyumbani nako kulikuwa na vita vya namna nyingine. Mawe alitaka mazishi. Watu walikuwa wamekuja kulia na kuondoka, lakini hakukuwa na kaburi, na kwetu mtu huzikwa katika kibanja cha kwao, kati ya migomba ya kwao, ili wanaolima wampite kila siku. Wazee wa ukoo waliketi, wakasema kwamba zamani, mtu akipotelea majini au porini, wapo waliozika shina la mgomba badala yake. Mwalimu aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Nizike mgomba?" aliuliza. "Halafu mwanangu akija nimwambie nini?"

"Ta, kaka yangu, hatakuja," mdogo wake alisema.

"Aliyemwona akianguka hakumwona akifa. Sauti ya kwenye simu. Mimi nimefundisha vita miaka yote, najua watu wangapi wamehesabiwa wafu wakarudi."

Mawe alisimama mbele ya wanaume wote wale, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Wewe una ramani," alimwambia mumewe. "Unakaa nazo, unamtafuta humo. Mimi nikitaka kumlilia nakaa wapi? Nikae jikoni? Nikae njiani?"

Kwa miezi walikula sahani moja bila kuzungumza. Padri alimsomea kijana misa, Mwalimu akakaa nje ya kanisa mpaka ikaisha.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni ya mwaka huu, wakati wa kiangazi. Mwalimu alikuwa amesikia kwamba huko Ngenge kuna kijana amerudi kutoka kule, amekatika mguu, lakini mzima, na kwamba anawataja Wahaya aliokuwa nao. Alinipigia simu: "Italia, nisindikize." Nilimwambia maneno ya watu ni mengi. Alisema anajua, nimsindikize.

Tulikodi gari dogo asubuhi. Njia nzima alizungumza, kama ambavyo sikuwa nimemsikia kwa muda mrefu. Alieleza hospitali za wafungwa wa vita, mabadilishano ya mateka, jinsi majina yanavyokosewa mtu asipoijua vizuri lugha. "Jina kama letu wataliandikaje? Watalikosea tu. Yupo mahali na jina la kukosea." Alikuwa amevaa shati jeupe na ameleta mkungu wa ndizi kwa wenyeji.

Kijana alikuwepo kweli, na mguu mmoja kweli. Alikuwa amefanya kazi ya ujenzi Arabuni, akaangukiwa na ukuta. Hakuwahi kufika kule. Mama yake alitukaribisha kwa unyenyekevu, akaomba radhi kwa uvumi ambao hakuuanzisha yeye. Kijana alitaka sana kusaidia, nilimwona. Alimuuliza Mwalimu jina la mwanawe mara mbili, akajaribu kukumbuka mtu ambaye hangeweza kumkumbuka. Mwalimu alimpa mkono, akamwambia apone vizuri, akamwachia mkungu. Njia ya kurudi alitazama nje kama mtoto aliyechoka na safari.

Tulifika kwao alasiri. Uani kulikuwa na wanawake wachache wa jumuiya na katekista, wamekaa kwenye nyasi. Walipotuona waliinuka. Mawe alikuwa nyuma ya nyumba, katika migomba, na mbele yake palikuwa na udongo mpya, kilima cha kaburi na msalaba wa miti.

Nilitaka kumshika Mwalimu asiende, lakini alikuwa ameshakwenda. Alisimama kando ya ule udongo.

"Nani yuko humu?"

"Nguo zake," Mawe alisema bila kuinua uso. "Zile za kidato cha kwanza. Sare. Nilikuwa nazo sandukuni. Katekista amesali. Nikipigwa nipigwe, lakini nimezika."

Ningali nakumbuka jinsi ndege walivyokuwa wakipiga kelele katika migomba. Mwalimu aliuacha mwavuli ukaanguka. Alizunguka kaburi lote, polepole, akiliangalia kama alivyoangalia kazi ya mwanafunzi. Lilikuwa dogo. Sikuwa nimeliona hilo mpaka nilipomtazama yeye akiliona.

"Umepima kwa nini?"

"Kwa nguo," Mawe alisema. "Nilizilaza chini, nikapima."

"Mama Mutalemwa." Alionyesha upande wa miguu. "Hizo ni za mtoto. Mwanao alikuwa amekua. Alipoondoka alikuwa ananipita kwa kichwa."

Mawe aliinua uso, akalitazama kaburi.

Mwalimu alichukua jembe lililoegemezwa kwenye mgomba. Alivua shati lake jeupe, akalikunja, akampa katekista alishike. Kisha akaanza kulima upande wa miguu, akikata ardhi ngumu ya kiangazi, akivuta udongo kuongeza urefu wa kile kilima. Alipumua kwa shida. Katekista alisogea kumpokea, akamzuia kwa mkono. Mawe alikuja kwa magoti, akapanga madongoa kwa viganja vyake, akiyabonyeza yakae, na kila alipomaliza kipande alimwuliza mumewe, "Hapa?" naye alijibu, "Bado. Bado kidogo."